Hesabu mpaka tatu: nani ndugu wa nani katika lugha za Afrika

Siku ya mnada Mang'ola, kule wilayani Karatu karibu na Ziwa Eyasi, kinachowakusanya watu ni kitunguu. Kaa kando ya malori yanayopakia magunia, utege sikio. Mwiraqw aliyetoka upande wa Mbulu anahesabu na mwenzake: wák, tsár, tám. Mdatooga mwenye shuka na fimbo anaongea na nduguye lugha ambayo Mkalenjin wa Eldoret angeyadaka maneno mawili matatu humo. Wanyiramba wanabishana, na wewe msemaji wa Kiswahili unaona kama unakaribia kuwaelewa, kisha huwaelewi. Mhadzabe aliyeleta asali anasema lugha yenye sauti za kugonga ulimi. Halafu bei inatajwa kwa Kiswahili na gunia linabebwa.

Vitabu vingi vya shule vinasema Afrika ina familia nne kubwa za lugha, yaani Niger-Kongo, Afro-Asia, Nilo-Sahara na Khoisan, na ramani hupakwa rangi nne. Rangi zote nne zinakutana katika soko hilo moja la vitunguu. Ndiyo maana Tanzania husifiwa kuwa nchi ambayo familia zote nne zina wenyewe wa asili.

Ugomvi wangu uko na ile ramani. Rangi zake zinampa msomaji picha kwamba kila moja ina uzito sawa na mwenzake, na sivyo. Rangi moja ni undugu wenye ushahidi wa kusimama mahakamani. Nyingine ni undugu wa kweli lakini wa zamani mno, umebaki kwenye mifupa tu. Ya tatu bado inagombewa. Ya nne wataalamu wengi wameshaacha kuiita familia. Wote hao wamechorwa kwa wino mmoja, na mwanafunzi anakariri.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Lugha mbili ni ndugu zikiwa zimezaliwa na lugha moja ya kale, ile ambayo wanaisimu wetu huiita lugha mame. Hilo tu. Ujirani si undugu, kufanana sura za wasemaji si undugu, na kukopeshana maneno ndiyo kabisa. Kila baada ya muda atatokea mtu wa kukuambia kwamba Kiswahili ni nusu Kiarabu nusu Kibantu, na atakuhesabia kitabu, saa, sahani, samahani, mpaka vidole viishe. Ni kweli, tumekopa, tena tumekopa bila haya. Ila mkopo unaonekana kuwa mkopo, na urithi unaonekana kuwa urithi, ukijua pa kuangalia.

Tazama hapa. Sisi tunasema njaa, Wachewa wa Malawi wanasema njala. Sisi mvua, wao mvula. Sisi makaa, wao makala. Sisi tunakaa, wao ni khala. Wazulu, mbali huko kusini, wana indlala na imvula. Panapokuwa na l kwao, kwetu pana shimo. Hii haitokei neno moja moja kwa bahati, inatokea kwa mpangilio. Kiswahili kiliidondosha l ya kati wakati fulani huko nyuma, ndugu zake wakabaki nayo.

Na huhitaji kwenda Malawi kuithibitisha. Geuza kitenzi chako mwenyewe kiwe katika hali ya kutendwa. Zaa: zaliwa. Kataa: kataliwa. Vaa: valiwa. Fungua: funguliwa. Chukua: chukuliwa. Hiyo l imetoka wapi? Haikuwepo kwenye zaa. Ilikuwepo, ilijificha, na ukiligusa neno mahali fulani inachungulia. Mzulu anasema zala kwa kuzaa, na l yake haijawahi kwenda kokote. Mimi nilipolitambua hili mara ya kwanza nilikaa mchana mzima nikinyambua vitenzi kama mtoto aliyepewa filimbi.

Mpangilio wa namna hii ndio cheti cha kuzaliwa cha lugha. Kwa lugha za Kibantu, ambazo ni kama 500 hivi kutegemea nani anahesabu, ushahidi ni mwingi kiasi kwamba wataalamu wameweza kuunda upya mamia ya maneno ya lugha mame, pamoja na ngeli zake. Jina lenyewe Bantu lilienezwa na Mjerumani Wilhelm Bleek katikati ya karne ya 19, kutokana na neno la watu linalojirudia kutoka Kongo hadi Rasi: umuntu, omuntu, munhu, muntu, mtu.

Sasa chukua tatu. Kikongo tatu, Kinyarwanda gatatu, Kiganda ssatu, Kigikuyu ithatu, Kilingala misato, Kizulu kuthathu. Hapo hakuna ubishi. Toka nje ya Kibantu, vuka Kamerun uingie Nigeria: Waefik wanasema ita, Waigbo ato, Wayoruba eta. Endelea mpaka kwa wafugaji wa Kifulani, waliotapakaa kutoka Senegali hadi Sudani: tati. Kwa nne, Igbo ni ano, Waakan wa Ghana anan, Wafulani nay. Hiyo nne yetu nayo zamani ilikuwa karibu na nai.

Kwa Wafulani kuna jambo zuri zaidi ya namba. Mfulani mmoja ni Pullo, wakiwa wengi ni Fulɓe. Hiyo ɓe ya mwishoni ndiyo alama ya watu wengi. Baganda, Bakongo, Basotho: ba. Waswahili, Wagogo: wa, ambayo ni ba iliyolainika. Ni kiambishi kilekile cha ngeli ya watu, ila wao wamekivaa nyuma na sisi tumekivaa mbele. Maneno hukopwa kila siku, lakini watu hawakopi kwa urahisi namna nzima ya kupanga nomino katika ngeli na kuzikubalisha na sifa na vitenzi. Huo ndio msingi wa familia inayoitwa Niger-Kongo, kubwa kuliko zote kwa idadi ya lugha.

Hata hivyo, kadiri unavyosogea pembezoni, ushahidi unapungua. Lugha za Kimande, kama Kibambara na Kimandinka, hazina ngeli hizo. Kidogoni cha Mali nacho kina maswali yake. Wengine wanazihesabu humo, wengine wanangoja. Kiini cha Niger-Kongo ni kigumu kama jiwe, kingo zake ni za udongo.

Kabla hatujatoka kwa Wabantu, onyo dogo kwa wanaopenda kusaka vitu mtandaoni. Mara nyingi utakuta Kiswahili kimeandikiwa alama G42. Huo ni mpango wa Mwingereza Malcolm Guthrie, aliyezigawa lugha za Kibantu katika kanda zenye herufi kuanzia A huko Kamerun hadi S huko kusini. Watu huzichukua kama nasaba. Kwa kiasi kikubwa ni anwani za posta. Kimijikenda na Kipokomo, ambavyo kwa ushahidi wa sauti na sarufi ni ndugu wa tumbo moja na Kiswahili na Kikomoro katika kundi la Sabaki, Guthrie aliviweka kwenye E. Kiswahili kikabaki G pamoja na lugha za upande wa Uzaramo na Usambara. Ni kama kumwambia mtu nduguye ni wa jirani kwa kuwa wanatumia sanduku moja la barua.

Sasa hesabu zetu wenyewe zina kituko. Moja hadi tano ni za nyumbani, nane na kumi pia. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Tatu ni ya Kibantu, lakini ukiizidisha mara kumi inageuka Mwarabu: thelathini. Je, Waswahili hawakuwa na sita yao? Walikuwa nayo, na majirani zao bado wanayo: Wasukuma wanasema itandatu. Tisa ya zamani ni kenda, na mzee wa pwani bado ataitumia. Ndiyo iliyomo katika jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa. Saba ndiyo iliyojificha vizuri kuliko zote. Bibi arusi anapokaa fungate, anakaa siku saba, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno la saba. Wagiriama mpaka leo wanasema fungahe. Soko likaleta saba mpya, ile ya zamani ikaenda kukaa chumbani kwa maharusi.

Kwa hiyo namba pekee yake ni shahidi wa kuangaliwa kwa jicho kali. Rudi Mang'ola kwa Wahadzabe. Moja kwao ni itchame, mbili ni piye. Tatu ni samaka, na hilo limetoka kwa Wadatooga. Mkalenjin analitambua papo hapo, kwake ni somok. Tano ni botano, kumi ni ikhumi, na hapo wewe mwenyewe umeshamwona Msukuma amesimama. Mtafiti mvivu angechukua orodha ya namba za Kihadza akaikata lugha vipande vitatu, kila kipande akampa mjomba wake.

Uvivu wa namna hiyo umewahi kuleta balaa kubwa kuliko kosa la mtihani. Mwaka 1912 Mjerumani Carl Meinhof, mtaalamu mkubwa kwa kweli wa lugha za Kibantu, alitoa kitabu kuhusu alichokiita lugha za Wahamu. Ndani yake aliwaweka Wasomali na Wahausa, sawa, lakini akawatia pia Wafulani, Wamasai na Wanama wa Namibia. Wafulani, wale wenye tati na ɓe! Kigezo chake kilichanganya jinsia ya kisarufi, ufugaji wa ng'ombe na dhana ya wakati ule kwamba wafugaji warefu wenye rangi ya maji ya kunde walikuwa wametoka kaskazini kuja kuwatawala wakulima. Dhana hiyo ilikuwa mezani tangu John Hanning Speke alipoandika mwaka 1863 kuhusu falme za Maziwa Makuu. Watawala wa kikoloni wakaishika kwa mikono miwili. Huko Rwanda na Burundi, Watutsi waliambiwa ni Wahamu waliotoka Uhabeshi, wakati wao, Wahutu na Watwa walikuwa wakisema lugha moja, Kinyarwanda au Kirundi, ya Kibantu bila chembe ya shaka. Uongo huo ulikuja kutumiwa tena na wenye mapanga mwaka 1994, safari hii kuwaambia Watutsi warudi walikotoka.

Aliyeuvunja kitaalamu ni Mmarekani Joseph Greenberg. Kuanzia mwaka 1949 alianza kuchapisha makala, na mwaka 1963 ukatoka mgawanyo wake kamili wa familia nne, ule uliomo vitabuni mpaka leo. Msimamo wake ulikuwa mwepesi wa kusema: ukitaka kuainisha lugha, tumia lugha. Ng'ombe usimhesabu, ngozi usiipime. Aliwarudisha Wafulani kwa jamaa zao wa Afrika Magharibi, Wamasai kwa Waniloti wenzao, na jina la Wahamu akalitupa.

Familia ya pili ni ile ninayoipenda kuliko zote, Afro-Asia, kwa sababu inaonyesha kwamba undugu unaweza kuwapo hata tatu ikiwa imeshapotea. Hesabu uone: Waarabu thalatha, Wasomali saddex, Waamazigh wa Moroko krad, Wahausa uku, Wairaqw wa Mbulu tam. Hakuna pa kushika. Kwa kigezo cha namba ungesema hawa hawajawahi hata kusalimiana.

Sasa acha namba, tazama mwanamume na mwanamke wanavyokuja. Mhausa anasema ya zo, mwanamume amekuja. Ta zo, mwanamke amekuja. Msomali: yimid, amekuja yule bwana, timid, amekuja yule bibi. Mwarabu, kwa kuandika: yaktubu, bwana anaandika, taktubu, bibi anaandika. Kutoka Kano mpaka Mogadishu mpaka Sana'a, y ni ya mwanamume na t ni ya mwanamke. Sisi wenye yeye moja kwa wote hatuna hisia hiyo kabisa. Kihausa na Kisomali havijapakana popote, kati yao kuna nchi nzima nzima, na jambo dogo la ndani ya sarufi kama hili halisafiri na misafara ya chumvi.

Na maneno machache sana yamehimili. Kufa ni mojawapo. Wahausa husema mutu. Kwa Waarabu ni māta, na jina lake mawt. Wamisri wa enzi za Firauni waliandika mwt, irabu wakazila. Sisi nasi tuna mauti na maiti. Angalia tofauti: Mhausa amelirithi neno hilo kwa babu yake, sisi tumelinunua dukani. Neno moja limefika nyumba mbili kwa njia mbili, na msikilizaji wa kawaida hawezi kuziona. Mtaalamu anaziona kwa sababu Kihausa kina ya na ta pia, sisi tuna neno tu bila mifupa yake.

Familia hii ina matawi sita: Kisemiti, Kimisri cha kale, Kiamazigh, Kichadi ambamo mna Kihausa, Kikushi ambamo mna Kisomali, Kioromo na Kiiraqw, na Kiomoto cha kusini-magharibi mwa Uhabeshi, ambacho wengine wana shaka nacho. Wengi hukadiria umri wake kuwa miaka 10,000 na zaidi. Ndiyo maana namba zimeyeyuka.

Ilizaliwa wapi? Hapa wanaisimu hutumia akili ambayo mtu yeyote wa kijijini anayo. Chukua mzee mwenye wake sita. Watoto wa mke mmoja wamehamia mjini, wamezaana, wamejaa mtaa mzima. Nyumbani kwa mzee wako wachache, lakini ukiwauliza mama zao utasikia wake wote sita. Basi boma la mzee liko pale penye mchanganyiko wa matumbo, si pale penye umati. Katika Afro-Asia, tawi moja tu, Kisemiti, ndilo lililoenea Asia. Mengine yote yako Afrika, na msongamano wake uko kaskazini-mashariki. Wengi kwa hiyo wanalitafuta boma huko.

Kwa Wabantu ni vivyo hivyo. Guthrie aliona maneno mengi ya kale yamehifadhiwa kusini-mashariki mwa Kongo, akadhani chimbuko liko huko. Greenberg aliangalia matumbo: jamaa wa karibu wa Kibantu wasio Wabantu wote wamebanana mpakani mwa Nigeria na Kamerun. Alishinda Greenberg. Kutoka huko, miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita, watu walianza kusogea, na lugha ikasogea nao mpaka Natal.

Hili linafafanua pia jambo ambalo ramani inalificha zaidi. Afrika ina lugha kama 2,000, karibu theluthi ya lugha zote za dunia. Lakini wingi na utofauti ni vitu viwili. Eneo lote kutoka Kenya hadi Afrika Kusini lina mamia ya lugha za Kibantu ambazo ni kama wajukuu wa mke mmoja. Milima ya Nuba huko Sudani ni kaeneo kadogo, na humo kuna lugha za makundi ambayo hayaelewani hata kwa babu. Nigeria ina lugha zaidi ya 500, za familia tatu. Ukanda ule chini ya Sahara, kutoka Senegali mpaka Uhabeshi, ndipo Afrika ilipochanganyika kwelikweli. Sisi wa Kusini tunaishi juu ya zulia jipya.

Namba 2,000 yenyewe usiishike kama salio la benki. Kinyarwanda na Kirundi wasemaji wake wanaelewana bila mkalimani, na zinahesabiwa lugha mbili. Mmoroko na Mwiraki wakisema kila mmoja cha nyumbani kwake wanaweza kushindwana, na bado inahesabiwa moja, Kiarabu. Mpaka wa nchi na vitabu vya dini vina mkono hapo kuliko masikio.

Sasa rangi ya tatu, Nilo-Sahara. Sehemu yake iliyo imara sisi tunaijua vizuri kwa sababu tunaishi nayo. Wajaluo wa Kisumu wanasema adek kwa tatu, Waacholi wa Uganda adek, Wadinka wa Sudani Kusini diak. Wakalenjin na Wadatooga ni tawi la pili, Wamasai, Waturkana na Wateso la tatu. Waniloti ni familia, hakuna wa kubisha.

Tatizo linaanza unapoambiwa kwamba Mjaluo ni ndugu pia wa Mkanuri wa Ziwa Chad, ambaye tatu kwake ni yasku; na wa Msonghai wa Timbuktu, ambaye ni hinza; na wa Mnubi wa Mto Nili, ambaye ni tusko. Tumeona kwamba namba zikikosekana sarufi inaweza kuokoa. Hapa hata sarufi inatoa ushahidi kwa kijiko. Wataalamu wawili waliojitahidi kuiunda upya lugha mame ya Nilo-Sahara, Lionel Bender na Christopher Ehret, walitoka na majibu yaliyotofautiana sana. Wenye ulimi mkali husema Greenberg alipomaliza kupanga, alitia vilivyobaki katika kapu moja na kuliandika jina. Mimi sisemi kapu ni tupu. Huenda baadhi ya vilivyomo ni ndugu kweli. Ninachosema ni kwamba rangi ya ramani ilipaswa kuwa ya penseli.

Na ya nne, Khoisan, ndiyo inayonikera nikiiona bado imeandikwa vitabuni kama familia. Kilichozikusanya lugha hizi ni vidoko. Kila Mswahili anajua kidoko. Ndicho unachompigia punda wa Lamu akigoma. Tofauti ni kwamba kwa lugha hizi kidoko ni konsonanti, kinakaa ndani ya neno kama k au t. Kitaa, cha Botswana na Namibia, kina konsonanti zaidi ya 100 ukihesabu michanganyiko yake ya vidoko. Ni sauti adimu kiasi kwamba ukizisikia mahali pawili unashawishika kusema hawa ni wamoja.

Lakini vidoko vinaambukiza. Wazulu na Waxhosa ni Wabantu wa kutupwa, na wanavyo. Jina la Waxhosa lenyewe huanza na kidoko. Walivipata kwa majirani. Na hapa kwetu, huko Lamu na delta ya Tana, kuna Wadahalo, watu mia kadhaa tu, ambao lugha yao ni ya Kikushi na ina vidoko. Sauti ikishaweza kuhama hivyo, haiwezi kuwa cheti.

Ukivua vidoko, kinachobaki ni familia tatu kusini mwa Afrika zisizothibitika kuwa moja, yaani Khoe, Kx'a na Tuu, kisha Kisandawe cha Kondoa na Chemba, ambacho baadhi ya wataalamu wanakiona kina dalili za undugu na Khoe, kisha Kihadza, ambacho hakina ndugu yeyote anayejulikana duniani. Watu kama 1,000 wanakisema. Kwa hiyo yule muuza asali wa Mang'ola hayuko ndani ya rangi ya nne. Ni rangi yake peke yake.

Katika hizo za Tuu kulikuwa na ǀXam, lugha ambayo Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd waliiandika Cape Town kutoka kwa wasemaji waliokuwa wafungwa. Imeshakufa. Mwaka 2000 Afrika Kusini ilipotengeneza nembo mpya ya taifa, kaulimbiu iliandikwa kwa lugha hiyo. Hakuna raia hata mmoja aliyeweza kuisoma kama lugha ya mama yake.

Lugha pweke kama Kihadza ziko nyingine, na kila moja ni dirisha la Afrika iliyokuwepo kabla familia kubwa hazijaenea. Laal huko Chad, mtoni Chari. Bangime huko Mali, ambako wasemaji wake wanaishi kati ya Wadogoni na wanajihesabu kuwa Wadogoni, ila lugha yao haifanani na ya yeyote. Upande wa pili, Mbilikimo wa misitu ya Kongo wanasema lugha za jamaa za majirani zao wakulima. Kama walikuwa na yao, imezama.

Madagaska ninaipitia haraka, maana kesi yake ilishafungwa. Kimalagasi kilitoka Borneo, kwa mashua. Kufikia 1951 Mnorwe Otto Christian Dahl alikuwa ameonyesha ndugu yake wa karibu kuwa Kimaanyan cha kisiwa hicho. Mbingu kwao ni langitra, na Mmalei anasema langit. Lakini nenda zizini: ng'ombe ni omby, kondoo ni ondry, kuku ni akoho, kanga ni akanga. Walifika na lugha yao, mifugo wakaikuta kwetu pamoja na majina yake.

Mpaka hapa kanuni imekaa vizuri: maneno yanasafiri, sarufi inabaki nyumbani, basi fuata sarufi. Ningeishia hapo kama si Wambugu wa milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Wao wana lugha mbili. Moja inafanana na Kipare, ya Kibantu kila kona. Nyingine, wanayoiita Kima'a, ina ngeli za Kibantu, viambishi vya Kibantu, upatanisho wa Kibantu, lakini maneno yake mengi ya msingi yametoka Kikushi, ukoo wa Wairaqw. Yaani sentensi ileile, mifupa ileile, nyama mbili. Greenberg aliihesabu Kikushi cha kusini. Ukifuata sarufi, ni Kibantu. Mtaalamu Maarten Mous, aliyeichunguza kwa miaka, anaona ni jamii iliyokuwa inahamia Kibantu ikayashikilia maneno yake ya zamani kwa makusudi, ili isimezwe na majirani.

Ramani inakupa rangi mbili za kuchagua kwa kijiji kimoja. Wambugu wenyewe hawachagui. Nyumbani huweza kutumia zote mbili, na wakishuka sokoni huongeza Kisambaa na Kiswahili.